Uwindaji wa kitalii na deni letu kwa wanaoishi na wanyama

Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliwaua Watanzania zaidi ya 560, wengi wao katika wilaya za kusini mashariki, kuanzia Rufiji hadi Lindi na Mtwara. Watafiti waliochunguza vifo hivyo walikuta kwamba vilizidi wakati wa mavuno, na kwamba nguruwe pori alikuwa chanzo kikubwa: nguruwe huingia shambani usiku, simba humfuata, na mkulima aliyelala dunguni kulinda mahindi yake hujikuta kati yao. Nimekulia Tunduru, ambako kulala dunguni si simulizi ya wazee bali ni kazi ya kila msimu, na mjomba wangu bado anaifanya kila mahindi yanapoanza kukomaa. Kwa hiyo ninapozungumzia uwindaji wa kitalii, yaani mtu kusafiri kutoka mbali na kulipa fedha nyingi ili aue mnyama na kuondoka na kichwa, ngozi au meno yake, naanza na watu wanaolala jirani na wanyama hao, kwa sababu naamini kwamba uhalali wote wa jambo hili, kama upo, unatoka kwao.

Kwingineko duniani mjadala huanzia mahali pengine. Julai 2015 daktari wa meno kutoka Minnesota, Marekani, alimuua simba aliyeitwa Cecil karibu na Hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe, kwa safari iliyoripotiwa kumgharimu dola 50,000 hivi. Cecil alikuwa amevishwa mkanda wa kufuatiliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Alijeruhiwa kwanza kwa mshale, akaishi na jeraha hilo kwa saa nyingi, ndipo akamaliziwa. Hasira iliyozuka ilikuwa ya haki, na mimi niliishiriki, kwa kuwa kumwacha mnyama ateseke usiku kucha kwa sababu ya starehe ya mtu ni ukatili usiohitaji maelezo. Lakini katika maelfu ya maneno yaliyoandikwa wiki zile, sikuona mengi kuhusu vijiji vinavyopakana na Hwange, wala kuhusu nani angelipa mshahara wa askari wa wanyamapori katika ardhi ile endapo wawindaji wasingekuja tena.

Kwetu Tanzania uwindaji huu unaendeshwa kwa vitalu. Mapori ya akiba, mapori tengefu na maeneo ya jumuiya za vijiji yamegawanywa, kila kitalu kina kampuni yake na mgawo wake wa wanyama kwa mwaka, na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, hukusanya ada. Mgeni huongozwa na mwindaji bingwa mwenye leseni, na anayetaka tembo au simba hulazimika kununua safari ya siku 21. Gharama zake zote hufikia makumi ya maelfu ya dola.

Sioni fahari yoyote katika kuua mnyama asiyekutishia na ambaye huna njaa ya kumla. Nimewasikia watetezi wakieleza kwamba mwindaji hujifunza subira, uvumilivu na heshima kwa mnyama. Nawaamini wanaposema kwamba wanahisi hivyo, lakini hisia za muuaji haziwezi kuwa sababu ya kumhalalishia kuua. Raha ya mtu mmoja haitoshi kuwa bei ya uhai wa kiumbe kilichochukua miaka 40 kukua. Ikiwa uwindaji wa kitalii una utetezi, basi utetezi huo ni mmoja tu: kwamba kifo cha mnyama mmoja kinalinda makazi ya wengine wengi, na kwamba kinawapa wanaoishi nao sababu ya kuendelea kuwavumilia. Hii ni ahadi, na mwenye kuahidi ana wajibu wa kuonyesha kwamba ametimiza.

Sehemu ya ahadi hiyo ni ya kweli, na anayeipuuza hajawahi kupita katika mapori ya miombo ya kusini na magharibi mwa nchi yetu. Katika Afrika kusini mwa Sahara, eneo linalotumika kwa uwindaji wa kitalii lilikadiriwa mwaka 2007 kuwa zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.4, kubwa kuliko hifadhi zote za taifa za nchi husika zikijumlishwa. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni pori lenye mbung'o, nyasi ndefu na barabara zinazokatika masika, ambako wanyama wametawanyika na mgeni mwenye kamera anaweza kukaa siku nzima asione zaidi ya swala. Wageni wa picha huenda Serengeti na Ngorongoro, na wana sababu nzuri ya kufanya hivyo. Hawaendi Rungwa, hawaendi Moyowosi. Mwindaji huenda, na kwa kuwa analipa sana peke yake, hahitaji hoteli wala uwanja mkubwa wa ndege. Kitalu kikiachwa bila mapato na bila doria, huingia mkaa, msumeno na mitego ya waya, na baada ya miaka michache hakuna simba wa kumtetea.

Hata hivyo, pori la Selous linatuonyesha kwamba kuwepo kwa wawindaji pekee hakulindi chochote. Mwaka 1976 hesabu ya angani ilikadiria tembo takriban 109,000 katika mfumo wa Selous na Mikumi. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza hadi chini ya 30,000. Kisha yalifanyika mambo kadhaa kwa pamoja: Operesheni Uhai ya kupambana na majangili mwaka 1989, marufuku ya kimataifa ya biashara ya meno ya tembo mwaka huohuo, na mpango wa uhifadhi uliosaidiwa na Ujerumani, ambao katika miaka ya 1990 uliiwezesha Selous kubaki na nusu ya mapato yake, mengi yakitokana na uwindaji. Askari walikuwa na mafuta ya gari, sare na posho. Tembo waliongezeka tena kwa makumi ya maelfu. Katikati ya miaka ya 2000 utaratibu huo wa kubakiza mapato ulidhoofishwa, fedha zikaelekezwa kwingine, doria zikapungua, na kufikia mwaka 2013 hesabu ilionyesha tembo wapatao 13,000 tu. Mwaka uliofuata UNESCO iliiweka Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Katika miaka hiyo yote ya maangamizi, sehemu kubwa ya Selous iliendelea kuwa vitalu vya uwindaji. Wageni waliendelea kuja, ada ziliendelea kulipwa, vichwa viliendelea kusafirishwa. Kilichobadilika ni njia ya fedha. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba uwindaji unahifadhi, namwomba anionyeshe hesabu ya kitalu anachokisema: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilirudi porini, kiasi gani kilifika kijijini, na nani alitia saini. Hesabu hizo zinapaswa kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kila mwaka, na kampuni isiyokubali kufanya hivyo haistahili kitalu. Si sahihi tuombwe kukubali kifo kama malipo ya kitu tusichoruhusiwa kukihesabu.

Kuna jambo jingine ambalo linanisumbua zaidi ya fedha, nalo ni la haki. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, alitoa amri iliyotaka kila anayewinda awe na leseni, na akatenga maeneo ya kwanza ya hifadhi, mojawapo kwenye bonde la Rufiji. Kwa amri kama hizo, Mmakua au Mndorobo aliyekuwa akiwinda tembo kwa ujuzi wa baba na babu zake akawa mhalifu katika pori la nyumbani kwake, huku mgeni mwenye fedha na bunduki akipewa kibali. Waingereza waliendeleza mtindo huohuo pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanganyika. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki na mwanawe, na kwa hesabu yake mwenyewe wawili hao waliua wanyama 512. Alishangiliwa.

Tulipojitawala tulirithi sheria pamoja na mtazamo wake. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini ni mali ya umma iliyo chini ya Serikali, na sehemu yoyote ya mwili wake ni nyara ya Serikali. Mahakama zetu zimewahi kuwafunga watu miaka 20 kwa kukutwa na nyama ya nyumbu au pundamilia. Sitetei ujangili, mitego ya waya inaua bila kuchagua, na magenge ya meno ya tembo yalikaribia kutumalizia urithi wetu. Ninachosema ni kwamba kijana wa Serengeti aliyechukua nyumbu mmoja kwa kitoweo cha nyumbani na mgeni aliyemuua simba kwa ajili ya ukuta wa sebule yake wamefanya matendo ambayo, ukiyapima kwa haja iliyowasukuma, yule wa kwanza ana udhuru mkubwa zaidi. Sheria inawatenganisha kwa leseni. Leseni za uwindaji wa wenyeji zipo, lakini zinamtaka mtu awe na bunduki yenye kibali, kitu ambacho mkulima wa kawaida hana. Ndiyo maana niliunga mkono kwa moyo wote kanuni za mwaka 2020 zilizoruhusu bucha za nyamapori: zilikuwa hatua ndogo ya kukiri kwamba Mtanzania naye anaweza kuwa mlaji halali wa mnyama wa nchi yake.

Wala si nyama tu. Tangu mwaka 1992 kitalu cha Loliondo kimekuwa mikononi mwa kampuni kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, na Juni 2022 uwekaji wa mipaka ya pori jipya la kilomita za mraba 1,500 katika eneo hilo uliishia kwa wafugaji wa Kimaasai kujeruhiwa kwa risasi na askari polisi mmoja kuuawa. Miaka kumi na mitano kabla yake, mwaka 2007, bonde la Yaeda, makazi ya Wahadzabe ambao bado wanaishi kwa upinde na mizizi, lilikaribia kugeuzwa eneo la uwindaji la wageni kutoka nchi hiyohiyo, hadi kampuni husika ilipojiondoa baada ya malalamiko. Uwindaji unaohitaji wenyeji wahame hauwezi kudai kwamba unafanyika kwa faida yao, hata kama wanyama wataongezeka.

Sayansi inaweza kutusaidia pale inaposikilizwa. Simba dume anapouawa, madume wapya huteka familia yake na kuua watoto wadogo ili majike wapate mimba yao. Risasi moja, basi, huua zaidi ya simba mmoja. Mwaka 2004 utafiti wa mtaalamu wa simba Craig Packer na wenzake ulionyesha kwamba dume akiachwa hadi afikishe miaka sita hivi, muda wa kuwakuza watoto wake wa kwanza, kumwinda baadaye hakuathiri sana idadi. Tanzania ilikuwa imeona idadi ya simba wanaowindwa ikishuka kwa nusu kati ya mwaka 1996 na 2008, na mwaka 2010 ikaweka umri huo kuwa sharti la kisheria. Hiyo ni kanuni nzuri, na inastahili sifa. Ubaya ni kwamba umri wa simba unatazamwa kwa manyoya ya shingo na madoa ya pua, kwa darubini, na mtu aliyelipa fedha nyingi na ambaye siku zake zinakwisha.

Ninajua pia kwamba marufuku haileti wanyama. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kati ya mwaka huo na 2016 wanyama wakubwa katika nyanda zake za malisho walipungua kwa wastani wa asilimia 68, kwa sababu ya watu kuongezeka, mifugo, uzio na ukame. Botswana ilisitisha mwaka 2014 na kurudisha mwaka 2019, na Aprili 2024 Rais Mokgweetsi Masisi, akiwa amechoshwa na mipango ya Ulaya ya kuzuia uingizaji wa nyara, alisema angeipelekea Ujerumani tembo 20,000 waishi nao. Namwelewa. Marekani iliposimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka kwetu mwaka 2014, kisha ikabana za simba, vitalu vingi vilirudishwa serikalini, na waliozuia hawakuleta chochote cha kujaza pengo.

Pamoja na hayo yote, kuna uwindaji ambao naona haufai hata kama fedha zake zingehesabiwa hadi senti ya mwisho, na mfano wake uko Longido. Kati ya Septemba 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, tembo dume watano waliripotiwa kuuawa kwa leseni katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Enduimet, kaskazini magharibi mwa Kilimanjaro, karibu na mpaka wa Kenya. Walikuwa wa jamii ya tembo wa Amboseli, nchini Kenya, ambao watafiti wamewafuatilia mmoja mmoja, kwa majina na kwa ukoo, tangu mwaka 1972, na angalau wawili kati yao walikuwa na meno makubwa mno. Mauaji kama hayo yalikuwa yametokea katikati ya miaka ya 1990, yakasitishwa kwa maelewano baina ya nchi mbili, na kwa takriban miaka 30 madume hao walivuka mpaka kwa usalama.

Watetezi husema kwamba dume mzee ameshamaliza kazi yake. Kwa tembo hilo si kweli. Miaka mingi ya utafiti wa Amboseli imeonyesha kwamba madume huanza kupata hamu kali ya kuzaa wakiwa na miaka 25 hadi 30, na kwamba watoto wengi ni wa madume waliopita miaka 35, ambao majike huwapendelea. Mmoja wa waliouawa, Gilgil, alikuwa na miaka 35 hivi. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia katika umri wake wa kuzaa. Kanuni yetu inataka tembo wa kuwindwa awe na jino lenye uzito wa angalau kilo 20 au urefu wa sentimita 160, na nia yake ni njema, kuwaokoa vijana. Lakini kwenye jamii ndogo yenye madume wachache wenye meno makubwa, kanuni hiyohiyo inaielekeza bunduki kwa walewale wanaobeba urithi huo wa damu. Tena madume vijana hujifunza kwa wazee njia, maji na adabu. Kuna sababu nyingine, isiyo ya kisayansi, ambayo kwangu ina uzito uleule: tembo hawa wamezoea magari na watu kwa sababu kwa takriban miaka 30 hawakuwindwa, na kumpiga risasi mnyama aliyekuamini ni usaliti.

Lakini siwezi kuwaambia wananchi wa Enduimet waache mapato hayo kisha nikaondoka. Vijiji vyao vimetenga ardhi, vimeacha wazi ushoroba wa Kitendeni ambao tembo hupita kati ya Amboseli na Kilimanjaro, na wanavumilia mashamba kuliwa. Kanuni za Kifuta Jasho na Kifuta Machozi za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, kiasi ambacho hakiwezi kuitwa fidia, na hata hicho huchelewa. Faida kubwa ya tembo hawa inapatikana ng'ambo, katika kambi za Amboseli, ambako mgeni hulipa mamia ya dola kwa usiku mmoja ili awapige picha madume ambao sehemu ya mwaka wanalishwa na ardhi ya Longido.

Ninachopendekeza, basi, ni makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa saini kati ya Tanzania na Kenya, badala ya maelewano ya mdomo yaliyodumu hadi mtu mmoja alipoamua kuyasahau: hakuna tembo atakayewindwa katika ukanda wa mpaka wa Amboseli na Longido, na kambi za upande wa Kenya zitachangia tozo ya kila usiku wa mgeni kwenda moja kwa moja Enduimet, ikiwa si chini ya kile ambacho jumuiya hiyo ingepata kutokana na uwindaji wa tembo. Wale wa Ulaya na Marekani walioandika kwa uchungu juu ya Gilgil waongezee pale tozo inapopungua. Mapato ya jumuiya kutokana na tembo mmoja yanajulikana, vitanda vya kambi za Amboseli vinahesabika, na jumuiya ya Enduimet ni chombo cha kisheria chenye viongozi wake waliochaguliwa na vijiji, wanaoweza kuketi mezani na kuanza mazungumzo hayo mwaka huu.